Tazama Shingo Kabla ya Nguvu

 

Nakuomba utoe albamu ya harusi iliyo kabatini kwenu, yoyote ile, ufungue kurasa za ukumbini, zile za usiku. Mtazame bibi harusi. Katika albamu nyingi utakuta paji lake la uso limeungua kwa weupe, pua inameta, kivuli cheusi kimechorwa ukutani nyuma ya shingo yake, na zaidi ya hapo ni giza. Mapambo ambayo kamati iliyachangia kwa miezi hayaonekani. Shangazi aliyesafiri kutoka Tunduru, akasimama hatua chache nyuma ya maharusi, hatambuliki. Watu hulaumu kamera. Wengine humlaumu mpiga picha kwamba hajui kazi. Mimi nasema tuanze na kile kidude kidogo kilichokaa juu ya kamera, yaani flashi, na upande ambao mwanga wake ulielekezwa.

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwa vijana wa kike na wa kiume wanaopiga picha za sherehe hapa mkoani Ruvuma. Mahindi yakishavunwa, na kahawa ya Mbinga ikianza kuingiza fedha, kadi za michango husambaa: sendofu, kicheni pati, harusi, kipaimara, komunio ya kwanza. Baadaye, Septemba na Oktoba, yanafuata mahafali ya kidato cha nne. Kijana mwenye kamera moja anaweza kuitwa sehemu mbili siku moja. Na swali ambalo vijana hao huniuliza ni hili: "Kaka, ninunue flashi gani?" Anayeuliza hana hela ya kubahatisha. Flashi yenyewe mara nyingi iko Kariakoo, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa. Inakuja kwa basi ndani ya kiboksi, na ikifika ikiwa siyo, kuirudisha ni gharama nyingine na mabishano mengine ya simu.

Jibu langu ni hili: nunua flashi ndogo yenye shingo inayogeuka pande zote. Nguvu iwe swali la pili, jina la kampuni liwe la tatu. Nitaeleza kwa kirefu kwa nini naweka mpangilio huo, kwa sababu matangazo na wauzaji huupindua.

Tuanze na ile flashi inayochomoza yenyewe juu ya kamera. Iko karibu mno na lenzi, na inatazama mbele tu. Sasa mwanga una tabia moja ambayo kila mpiga picha anapaswa kuijua kwa moyo: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu. Ukiongezeka mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Weka bibi harusi mita mbili kutoka kwenye kamera. Shangazi yuko mita nne: anapata robo ya mwanga wa bibi harusi. Ukuta wenye mapambo uko mita sita: unapata sehemu moja ya tisa. Giza la kwenye albamu linatoka hapo. Na sikiliza vizuri jambo hili, maana ndipo hela za watu zinapopotelea: ukinunua flashi yenye nguvu zaidi ukaielekeza mbele vilevile, hujamsaidia shangazi. Unawaongezea wote kwa uwiano uleule. Ukimwangaza shangazi vya kutosha, bibi harusi anaungua zaidi. Ukimlinda bibi harusi, shangazi anarudi gizani.

Dawa ni kuuzungusha mwanga. Elekeza kichwa cha flashi juu, kwenye dari jeupe. Mwanga unapiga dari, unatawanyika, unashuka kwa watu wote. Sasa chanzo cha mwanga si kile kioo kidogo cha flashi tena, ni eneo pana la dari, na umbali kutoka kwenye dari hadi kwa bibi harusi haupishani sana na umbali hadi kwa shangazi. Tofauti kati yao inapungua. Kivuli cha shingoni kinalainika mpaka hukioni. Mapambo yanarudi pichani.

Kwa ngozi zetu hili lina uzito wa pekee. Ngozi nyeusi ina uzuri wa kumeta, lakini ikipigwa mwanga mwembamba wa mbele, mmeto huo unageuka doa jeupe juu ya paji, pua na mashavu, na sehemu nyingine za uso zinazama. Mwanga mpana huutandaza mmeto huo taratibu, uso ukaonekana na umbo lake. Fikiria Misa ya kipaimara. Askofu anampaka kijana mafuta ya krisma kwenye paji la uso, na wakati huohuo wapiga picha kadhaa wanafyatua flashi za mbele. Kitu cha kwanza kurudisha mwanga ni mafuta yale. Mzazi aliyelipia picha ya siku hiyo anapewa mwanawe akiwa na doa jeupe mahali penyewe pa sakramenti. Nimeziona picha hizo kwenye sebule za watu, zimewekewa fremu nzuri, na zinaniuma kila ninapoziona.

Tatizo hili la ngozi zetu ni la zamani: kwa miongo mingi viwanda vya filamu vya Ulaya na Marekani vilipima rangi za picha kwa kutumia kadi zenye sura za wanawake wazungu, zile walizoziita kadi za Shirley. Hizo ni zama za filamu, na kamera za sasa zimeboreka sana. Lakini kipimo cha mwanga ndani ya kamera bado kinafanya kazi kwa wastani. Hakijui kama mbele yake kuna shela jeupe, suti nyeusi au uso wa bibi. Mwenye kujua ni wewe uliyeshika kamera.

Sasa turudi kwenye shingo. Kuna flashi ndogo ambazo kichwa chake kinainuka juu tu, hakizunguki kushoto wala kulia. Canon 270EX II iko hivyo. Nikon SB-300 iko hivyo pia. Ni nyepesi, zinakaa mfukoni, na kwa picha za kulala, kamera ikiwa mlalo, hazina shida: unainua kichwa, mwanga unaenda darini. Lakini kazi ya harusi imejaa picha za kusimama. Maharusi wamesimama, mama mzazi na bintiye wamesimama, mhitimu na cheti chake amesimama. Ukiigeuza kamera iwe wima, flashi nayo inalala ubavu, na kile kichwa kinachoinuka tu sasa kinatazama ukuta wa pembeni au uso wa mgeni aliyekaa jirani. Dari umelikosa. Ndiyo maana nasema tafuta inayoinuka na kuzunguka. Godox TT350 inainuka hadi nyuzi 90 na kuzunguka nyuzi 270, na uzito wake bila betri ni gramu 200 tu. Canon walitoa EL-100 mwaka 2018, nayo inazunguka. Nikon SB-500 ya mwaka 2014 inazunguka. Zote hizi zinatumia betri mbili za AA, na zote ni ndogo. Linganisha na flashi kubwa kama Godox TT685, ambayo ukishaitia betri zake nne inavuka nusu kilo. Nusu kilo juu ya kamera haikuelemei ukumbi unapofunguliwa. Subiri saa sita usiku, baada ya maakuli, wakati foleni ya zawadi haijafika nusu. Mkono ukichoka, kamera inainama, na picha nazo zinainama.

Utaniuliza: je, hiyo ndogo ina nguvu ya kutosha kudundisha mwanga darini? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye hesabu ya darasa la saba. Kila flashi ina namba yake ya nguvu. Ukiigawa namba hiyo kwa namba ya tundu la lenzi, unapata umbali ambao flashi inafika, kwa mita, kamera ikiwa ISO 100. TT350 kwenye boksi imeandikwa 36, lakini hiyo imepimwa kichwa kikiwa kimekusanya mwanga kwa lenzi ndefu ya milimita 105. Kwa lenzi pana ya ukumbini namba inashuka, basi tuchukulie 20. Tundu likiwa f/4, gawanya: mita 5. Sasa panda ISO. Ukitoka 100 kwenda 400, umbali unazidishwa mara mbili: mita 10. Ukifika 1600, mita 20. Kamera za leo, hata zile za bei ya kati, zinatoa picha safi kwenye ISO 1600. Dari jeupe litameza mwanga mwingi, tuseme robo tatu yake, kwa hiyo zile mita 20 zinakuwa 10. Katika ukumbi wenye dari la mita tatu, safari ya mwanga kutoka kwenye flashi hadi darini na kushuka kwa maharusi ni kama mita tano. Maana yake flashi ndogo inaifanya kazi hiyo kwa robo ya nguvu yake na bado ina akiba. Zama za filamu ya ISO 100, mpiga picha alihitaji flashi kubwa. Nyenzo za sasa zimetuondolea ulazima huo, lakini ushauri wa zamani bado unazunguka madukani.

Hata hivyo dari lenyewe lichunguze kabla hujaliamini. Kumbi mpya nyingi zina dari la jipsamu jeupe, hizo ni raha. Kuna kumbi zenye dari la mbao za kahawia, na nyingine hazina dari kabisa, ni kenchi na mabati. Halafu kuna wapambaji wetu, ambao wanajua kazi yao lakini hawafikirii kamera: wanafunika dari lote kwa vitambaa vya zambarau au dhahabu. Mwanga ukidunda kwenye kitambaa cha zambarau unarudi na rangi ya zambarau, na bibi harusi anapakwa rangi ambayo hakuichagua. Chini ya turubai la bluu au kijani, hali ni hiyohiyo. Hapo ndipo shingo inayozunguka inakuokoa mara ya pili: geuza kichwa kwenye ukuta mweupe wa pembeni, au hata kwenye pazia jeupe la meza kuu. Mwanga wa pembeni mara nyingi unapendeza kuliko wa juu, kwa sababu hauachi vivuli vya macho. Kama hakuna kitu cheupe popote, chukua karatasi ngumu nyeupe ya ukubwa wa kiganja, ifunge kwa mpira nyuma ya kichwa cha flashi kilichoinuliwa, ili sehemu ya mwanga iende mbele ikiwa imelainika kidogo. Ni kifaa cha bei ya karatasi, na kinashinda vile vifuniko vya plastiki vinavyouzwa kwa bei ya kuku.

Yako majengo ambayo flashi ndogo haitayaweza. Ingia kanisa la abasia pale Peramiho ukatazame juu. Hakuna cha kudundishia hapo. Katika makanisa makubwa namna hiyo mimi nawashauri vijana wapandishe ISO, wafungue tundu la lenzi, watumie mwanga wa madirishani, na flashi waiache ipumzike mpaka watu watoke nje. Na kabla ya yote mtafute padre au katekista umuulize kama flashi inaruhusiwa wakati wa Misa. Wengine wanaruhusu nyakati fulani tu, wengine hawataki kabisa, nao wana haki. Vivyo hivyo kwenye ndoa inayofungwa msikitini, na hasa kwenye shughuli za akina mama, ambako kuna mambo hayapigwi picha na mtu asiyepewa ruhusa. Msibani, kama familia imekuita, punguza mwanga hadi mwisho au uzime. Flashi ndogo ina fadhila hii pia: haitishi watu. Wazee wanabaki na nyuso zao za kawaida.

Nitamtaja mpiga picha mmoja wa Bamako, nchini Mali, Malick Sidibé, aliyefariki mwaka 2016. Miaka ya 1960 alikuwa anazunguka usiku kwenye dansi za vijana, kutoka sherehe moja hadi nyingine, na kamera nyepesi yenye flashi. Alfajiri anarudi studio kusafisha filamu, kisha anabandika vipande vya picha ukutani ili vijana waje wachague wanazotaka kununua. Vijana wetu wanaochapisha picha papo hapo kwenye mahafali wanafanya kazi ileile. Picha yake maarufu ya mwaka 1963, ya kijana na dada yake wakicheza dansi usiku wa Krismasi, vichwa vinakaribia kugusana, ilipigwa kwa mwanga wa flashi. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa picha za sherehe za watu wa kawaida. Namtaja kwa sababu kuna watu hapa Songea wanaiona kazi ya picha za harusi kuwa ya kupitishia muda hadi ajira ipatikane. Pia namtaja kwa sababu flashi yake ilipiga mbele na bado picha zikapendeza. Alisogea karibu, akawa katikati ya dansi, na filamu yake ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo sisemi flashi ya mbele ni marufuku. Nje usiku, chini ya mbingu, huna dari, basi sogea karibu, punguza nguvu, piga.

Mchana pia flashi ina kazi. Kila mwaka tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji, wale 67 walionyongwa hapa Songea mwaka 1906. Wazee wanakuja na kofia na mavazi ya asili, jua la mchana liko utosini, na macho yao yanapotelea kwenye kivuli. Flashi ndogo ikielekezwa mbele kwa nguvu kidogo sana inafungua macho yale bila kuharibu chochote. Tahadhari moja: kamera nyingi hazikubali flashi ya kawaida juu ya kasi ya 1/200. Ukizidisha, sehemu ya picha inatoka na mkanda mweusi. Kwa jua kali utahitaji flashi yenye uwezo wa kwenda na kasi kubwa, kile kinachoandikwa HSS. Flashi ndogo niliyoitaja, TT350, inao. Ila ikiwa katika hali hiyo nguvu inapungua sana, kwa hiyo kaa karibu, mita moja na nusu au mbili. Na Februari kwetu ni mvua. Beba mfuko wa plastiki.

Kwenye ngoma ndipo flashi inapoonyesha kazi ambayo taa za kawaida haziwezi. Siku hizi mwenzetu wa video anaingia ukumbini na taa kubwa ya LED, na baadhi ya wapiga picha wanasema hiyo inatosha, flashi ya nini. Taa ile inaangaza, kweli, lakini haigandishi mwendo. Mchezaji wa lizombe anapoinua mguu na kukanyaga ardhi, mwanga wa flashi unadumu sehemu ndogo mno ya sekunde, na nguvu ikiwa chini unadumu muda mfupi zaidi. Vumbi linabaki hewani, jasho linabaki hewani, mguu unaonekana kidole kwa kidole. Kwa taa ya video mguu huo ni ukungu.

Na ngoma ya mganda je? Wachezaji wa mganda huvaa nadhifu, kaptura nyeupe, shati jeupe, soksi ndefu. Hapa tunaingia kwenye suala la flashi ya kujipima yenyewe, ile wanayoiita TTL, na flashi ya kupangwa kwa mkono. Ya TTL inarusha mwanga mdogo wa kwanza, kamera inapima ulivyorudi, kisha inaamua nguvu. Kwa sherehe ni msaada mkubwa, kwa sababu bibi harusi anatembea kukufuata na umbali unabadilika kila hatua. Lakini mbele ya weupe mwingi kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zinakuwa nyeusi kuliko zilivyo. Shela, shati za mganda, kanzu za sherehe: mbele ya vitu hivi ongeza alama moja kwenye kipimo cha flashi. Mbele ya suti nyeusi zilizojipanga, punguza kidogo. Nawasihi wanaoanza wanunue yenye TTL ambayo pia inakubali kupangwa kwa mkono. Flashi za mkono pekee, kama Yongnuo YN560 au Godox TT600, zina nguvu kubwa kwa bei ndogo na ni kazi nzuri kwa studio. Katikati ya vurugu za kukata keki zitakuchelewesha.

Halafu kuna mtego ambao umewaliza wengi, na muuzaji hatakuambia. Juu ya kamera, pale flashi inapochomekwa, kuna vipini vidogo vya shaba. Kile kikubwa cha katikati ndicho kinachowasha flashi za kawaida za mkono. Canon 2000D na 4000D za mwaka 2018, na 250D ya mwaka 2019, kipini hicho cha katikati hazina. Ni kamera zilizoenea sana kwa wanaoanza kwa sababu ya bei yake. Ukizichomekea YN560 au TT600, hakuna kitakachowaka. Utadhani flashi ni mbovu, utagombana na aliyekutumia, na flashi ni nzima. Mwenye kamera hizo anunue flashi ya TTL iliyotengenezwa kwa Canon. Na kwa jumla herufi ya mwisho kwenye jina la flashi ina maana: kwa Godox, C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fujifilm. Unapoagiza kwa simu, itaje herufi hiyo, kisha mwambie akupigie picha ya boksi kabla halijapanda basi.

Flashi zilizokwisha kutumika, zile za kununua mkononi mwa mtu, ni sawa, nyingi ni nzuri. Fungua mlango wa betri uangalie kama kuna ukoga wa kijani. Ila zile za enzi za filamu, za miaka ya 1970 na 1980, zikwepe hata ukipewa bure. Baadhi yake zinarudisha umeme wa zaidi ya volti 200 kwenye kipini cha kamera, na kamera ya dijitali inaweza kufa papo hapo. Wala usiruhusu fundi asiyezijua aifungue flashi yoyote: ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme wa volti kama 300 hata baada ya kuizima, na inapiga vibaya.

Betri. Hapa nasimama kidogo kwa sababu flashi bora yenye betri mbovu ni mzigo. Betri za kawaida za dukani, zile za saa ya ukutani, hazina pumzi ya flashi; baada ya picha chache unasubiri taa nyekundu iwake huku bibi harusi ameshashusha kisu cha keki. Tumia za kuchaji za aina ya NiMH. Wajapani wa Sanyo walitoa Eneloop mwaka 2005, na tangu hapo kuna betri za kuchaji ambazo hazivuji chaji upesi zikikaa kabatini. Panasonic ndiyo inayoziuza sasa. Tazama namba ya mAh. Betri halisi ya AA ya aina hii haifiki hata 3000. Ukiona imeandikwa 4000 au zaidi, hiyo namba ni ya uongo, iache dukani. Flashi ya betri mbili ukiifyatua kwa nguvu zote itahitaji sekunde mbili hivi kujaa tena. Kwa robo ya nguvu inajaa upesi sana. Hesabu yetu ya dari imetuonyesha kwamba robo inatosha. Beba jozi tatu zilizojaa, kila jozi kwenye kikasha chake, na usichanganye iliyojaa na iliyotumika. Kama mfuko unaruhusu, Godox V350 ina umbo dogo lilelile lakini inatumia betri moja ya lithiamu, inayotoa milimuko kama 500 ya nguvu zote. Kasoro yake ni kwamba betri hiyo ikiisha huwezi kukimbilia duka la jirani.

Kabla ya njia kubwa ya umeme kutoka Makambako kukamilika mwaka 2018, mji wetu uliendeshwa kwa jenereta za dizeli, na wapiga picha wa wakati ule walijua kuchaji kila kitu mapema. Tabia hiyo tuiendeleze. Sherehe nyingi zinafanyika vijijini, na ukifika kijijini saa kumi jioni huna muda wa kutafuta soketi.

Rangi nitaipitia haraka. Mwanga wa flashi ni mweupe wa mchana. Taa za njano za ukumbini ukiziacha bila kuzijali, watu wanakuwa weupe na ukuta nyuma yao unawaka njano. Kipande cha plastiki angavu ya rangi ya machungwa mbele ya flashi, kisha kamera ikapangwa kwa taa za njano, kinapatanisha vitu hivyo viwili. Taa za disko za zambarau hazina tiba, zisubiri zigeuke.

Na bei? Flashi kubwa yenye jina la kampuni ya kamera inaweza kukununulia ndogo mbili na chenji ikabaki. Nikiwa nachagua kwa ajili ya kijana anayeanza Songea, nachukua hizo mbili. Moja ikae juu ya kamera, nyingine iwe akiba, kwa sababu flashi huharibika siku ya kazi na sherehe haiahirishwi. Baadaye, ukishazoea, ile ya pili iweke pembeni juu ya meza ya spika, iwake kwa mawimbi ya redio kutoka kwa mwenzake. TT350 zinaweza kuwasiliana hivyo bila kununua kifaa kingine. Hapo picha ya kuingia maharusi inapata mwanga wa nyuma, na ukumbi wote unafunguka.

Basi siku ukibahatika kuwa dukani mwenyewe, usianze kwa kuuliza bei. Nenda na kamera yako na betri zako zilizojaa. Chomeka flashi, kaza kufuli, tikisa kidogo uone kama inacheza. Igeuze kamera iwe wima, kisha zungusha kichwa mpaka kitazame dari. Kikigoma, irudishe kwenye kaunta. Kikikubali, mwombe muuzaji asimame mita mbili kutoka kwako, mteja mwingine asimame nyuma yake, upige kwa mwanga wa dari. Halafu piga mara kumi mfululizo kwa robo ya nguvu, uone kama kuna picha iliyotoka giza. Vuta picha kwenye kioo cha kamera, utazame uso wa yule wa nyuma. Kama anaonekana vizuri, sasa uliza bei.